Taa ya Lekoko

Resego alikuwa ametumwa maziwa ya mgando na shangazi yake, akarudi nayo jua likizama nyuma ya vilima vya Serowe. Alilisukuma lango kwa kiuno, mikono imejaa, kichwani akiwaza kama unga uliobaki utatosha ugali wa jioni.

Akasimama.

Barazani, taa ya buluu ilikuwa inawaka.

Taa ile haikuwekwa kwa ajili ya kuona njia. Resego alitunza tovuti za maduka na makanisa ya mji, na chumbani kwake kulikuwa na kompyuta ndogo yenye kazi moja tu, kuzibishia hodi tovuti hizo kila dakika, mchana na usiku, kuuliza kama ziko hai. Majibu yalitokea kwenye kioo cha ukutani jikoni, pamoja na mambo mengine ya nyumba: lango, tangi la maji, betri za sola. Kijani, ipo. Nyekundu, haipo. Na tovuti moja, iliyoendeshwa na mashine ya kaka yake, Lekoko, kule kambi ya ng'ombe, aliiunganisha na taa ya barazani, ili hata akiwa nje anafua ajue kwamba kaka huyo umeme umemrudia na yu salama.

Lekoko alikuwa amezikwa tangu majira ya baridi.

Walimkuta ameegemea uzio wa zizi, macho wazi, mwilini hana hata mchubuko. Baada ya mazishi Resego aliizima mwenyewe mashine ile ya kambini, akaifunga kwenye sanduku na kulisukuma chini ya kitanda. Ila jina la tovuti hakuweza kulifuta kiooni. Alikuwa akiliangalia asubuhi akichemsha chai, jekundu, kama mtu anayepita kaburini kila siku.

Sasa lilikuwa la kijani.

Aliweka maziwa mezani, akaenda chumbani, akalivuta sanduku. Mashine ilikuwemo. Haina waya. Ya baridi.

Akampigia binamu yake Thuso, fundi wa mitandao, akamweleza. Thuso alicheka kidogo.

“Dada, wafu hawalipii intaneti. Jina limekwisha muda, kuna mjanja amelichukua. Fungua ukurasa uone anauza nini.”

Akaufungua kwenye simu.

Ukurasa ulikuwa uleule wa Lekoko. Alikuwa ameuanzisha kwa ajili ya mifugo iliyopotea. Mtu akiokota ng'ombe wa watu, alitangaza pale rangi na alama za masikio, mwenye mali akaja kuchukua. Lakini matangazo yote ya zamani yalikuwa yametoweka. Limebaki moja.

*Amepatikana. Jike. Ana kovu la moto kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Mpole. Akiitwa, huja. Mwenyewe afike amchukue leo, giza likianza.*

Resego aliushusha mkono wake wa kushoto taratibu, akauficha nyuma ya gauni.

Kovu lile alilipata kwa sufuria ya mafuta, angali mdogo.

“Mbona kwangu ukurasa hauji?” Thuso alikuwa akisema. “Hakuna kitu hapa, dada. Hakuna ki...”

Simu ikakatika.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Samadi mbichi, na ngozi iliyolowa mvua, ilhali mvua haijanyesha tangu Pasaka. Kisha kengele. Ile ya shingoni mwa ng'ombe. Ililia mara moja nje ya uzio... ikanyamaza... ikalia tena, karibu zaidi.

Kioo kikabadilika. *Lango: limefunguliwa.*

Alichungulia dirishani. Lango lilikuwa limefungwa, komeo mahali pake. Lakini kiooni, kwenye picha ya kamera ya lango, alisimama mtu mwenye koti refu na kofia, fimbo mkononi, ameigeuzia nyumba mgongo. Kama mchungaji anayemsubiri mnyama wake atoke.

Shangazi Gabaiphiwe aliingia kwa mlango wa nyuma akipangusa mikono. Aliinusa hewa, akakitazama kioo, kisha akamtazama Resego. Hakuuliza ni nani yule. Aliuliza kwa nini jina la marehemu limewaka ukutani.

Resego alimweleza kwa kunong'ona. Kompyuta ya chumbani inabisha hodi. Inauliza kama upo.

“Inamwita Lekoko?”

“Inaita tovuti yake, Shangazi.”

“Kwa jina lake. Kila dakika. Tangu tumzike.” Mama yule alivuta kiti, akakaa. “Mwanangu, sisi tumemwombea alale. Wewe humwachi hata apumue.”

Ndipo akamwambia jambo ambalo wazee walilificha msibani. Lekoko alikuwa amewatangaza ng'ombe fulani, na matangazo yale yakamuumbua mfugaji mmoja mzee aliyekuwa na mifugo ya watu zizini kwake. Mzee yule alikuwa akiogopwa kwa dawa zake. Alifika hadi kambini, akasema kwa upole kabisa kwamba anayetangaza vya wenzake, yeye naye atatangazwa, pamoja na watu wake. Wiki ileile Lekoko akafa.

“Kwa hiyo yule pale...”

“Sijui ni nani. Ila mlango umemfungulia wewe. Lifute hilo jina.”

Resego aligusa kioo. Maneno yakatokea: *Ufute? Ndiyo. Hapana.*

Kidole kikaganda hewani.

Maana spika ya langoni ilikuwa imekoroma, na ndani yake kulikuwa na sauti. Ndogo. Imechoka.

“Sego.”

Hakuna mwingine aliyemwita hivyo. Lekoko peke yake, tangu walipokuwa wakilala mkeka mmoja.

“Sego... nina baridi. Njoo.”

Machozi yalimdondoka bila kilio. Alijua kwamba akifuta, hatalisikia tena jina lile duniani. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshageukia mlangoni, naye hakuwa ameuamuru. Shangazi alimshika kifundo cha mkono, palepale penye kovu, akakibana mpaka kikauma.

“Usiitike,” alinong'ona. “Hata moyoni usiitike.”

Kengele ilikuwa sasa chini ya dirisha.

Resego akafumba macho, akagusa.

Ndiyo.

Taa ya barazani ikazimika. Harufu ikakatika ghafla.

Asubuhi Thuso alikuja na vifaa vyake. Aliona kwamba kweli jina lile lilikuwa limechukuliwa na mtu asiyejulikana, na akasema picha za kamera huenda zilichanganyika. Kuhusu alama za kwato za ng'ombe mmoja zilizoonekana chini ya dirisha la jikoni, alisema mifugo huzurura. Lango aliliacha bila kulikagua. Kisha akaking'oa kioo ukutani, bila kuombwa.

Lakini Resego hatulii. Anakaa, anainuka. Anaacha sahani, anasimama katikati ya chumba, shingo ameipinda kama anayesikiliza, kisha anasema polepole, “Nakuja,” na kwenda langoni. Shangazi humrudisha akiwa amemshika mkono.

Jioni moja alimuuliza nani amemwita.

“Hujamsikia Lekoko?” Resego alishangaa.

Shangazi akasema hakusikia kitu, akampeleka kulala.

Baadaye, peke yake na Thuso, alikiri kwamba alikuwa amesikia. Na sauti ile haikuwa ya Lekoko.