Mimba Niliyopewa Kikaoni

Tiki-tiki-tiki… Sindano za kioo zikigongana ndani ya sufuria ya maji yanayochemka! Sauti hiyo bado naisikia wazi kabisa, ingawa sasa sina ruhusa hata ya kupita karibu na zahanati.

Nina umri wa miaka ishirini na tatu. Nimeolewa, sina mtoto, na nimesoma mpaka darasa la nne tu. Tunaishi katika kijiji cha ujamaa upande wa Mikumi. Ndugu wasomaji, nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjanihukumu, maana hapa kijijini nimekwisha hukumiwa.

Mume wangu, Ramadhani, anakata miwa Kidodi na hurudi mwisho wa mwezi. Aliponioa alinikabidhi mama yake, Bi Zaina, mzee ambaye miguu ilikuwa imekataa kabisa. Kula kitandani, kuoga kitandani, kila kitu kitandani. Siku za mwanzo nililia kwa siri. Lakini yule mama alikuwa akiniita "mwanangu" kwa sauti ya upole… basi nikampenda!

Siku moja niliona kidonda kinaanza mgongoni mwake. Nikakimbilia zahanati kuomba dawa. Nesi wetu, mama mmoja mcheshi sana, akanicheka.

"Dawa ni mikono yako, bibie! Mgeuze. Asubuhi ubavu huu, mchana ubavu ule. Mzee si gunia la mahindi, uliegemeze ukutani ulisahau."

Akaniuliza mgonjwa anakula nini. Nikajibu uji mweupe, maana hana meno.

"Uji mweupe mtupu unajaza tumbo, mwili unabaki na njaa," akasema. Akanieleza kwamba kuna chakula cha kutia nguvu, cha kujenga mwili na cha kuukinga na maradhi, na kwamba mzee anavihitaji vyote kama mtoto. Nikaanza kutwanga karanga na kuzitia kwenye uji. Nikawa naponda maharage mpaka yanakuwa laini, nasaga mchicha, namlisha papai kwa kijiko. Hamtaamini… kidonda kilifunga! Mashavu ya mama yakarudi!

Tangu hapo, nikishamlisha asubuhi, nilikuwa nakwenda kumsaidia nesi kuchemsha sindano. Na watu wetu wanavyopenda sindano! Mtu akipewa vidonge ananuna, anasema hajatibiwa. Nesi akanifundisha kuligawa tako mafungu manne kwa macho, kisha kuchoma lile la juu upande wa nje, nisije nikagusa mshipa nikamlemaza mtu. Wa kwanza kumchoma alikuwa mzee mmoja mfugaji. Akanigeukia kwa ukali: "Wewe binti, unachoma au unanipapasa?" Kumbe nilikuwa nimekwisha maliza! Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Nikaanza kuota. Nikitwanga, najiona nina gauni jeupe. Nikichota maji, nasikia watu wananiita nesi. Je, kuota ni kosa?

Kisha habari ikaja: kijiji kitoe mtu mmoja anayejua kusoma na kuandika, akasomee uuguzi Kilosa. Nesi akalipeleka jina langu. Shemeji yangu mmoja, na mke wake, wakakubali kukaa na mama mpaka nirudi. Mambo yote yalikuwa yamenyooka!

Siku ya kikao, mama mkwe aliomba abebwe kitini apelekwe. Nilifurahi, nikidhani anakwenda kunipa baraka.

Katibu wa kijiji akamuuliza kwa heshima, "Shikamoo mama. Wewe ndiye unayeuguzwa na huyu binti. Unamruhusu?"

"Marahaba, baba." Mama akasema, "Ningemruhusu. Ila mkwe wangu ana mimba. Mtampelekaje masomoni na hali hiyo?"

Vigelegele! Wanawake wakanirukia kunikumbatia. Katibu akacheka, "Haya, huyu tumwache azae, na watoto nao tunawataka!" Halafu akanigeukia. "Ni kweli, bibie?"

Ndugu zangu… siku ile ile nilikuwa mwezini!

Ningesema nini? Ningeyatamka maneno hayo mbele ya wazee, mbele ya mashemeji, mbele ya mwalimu wa madrasa? Na ningemwitaje mama mkwe mwongo hadharani? Nikainamisha kichwa. Kwetu mwanamke akiinamisha kichwa, amekubali. Wakachagua binti mwingine.

Jioni nikimlisha, mama alinishika mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Usinichukie, mwanangu. Mke wa shemeji yako ataniacha nioze. Nilimwona anavyonitazama. Utakwenda mwaka mwingine." Nami, mjinga wa watu, nikamfuta machozi kwa kanga yangu!

Ramadhani alirudi na kitenge kipya na furaha isiyo kifani. Nikamwambia ukweli, kwamba sina mimba na sijawahi kuwa nayo. Uso ukambadilika.

"Mama yangu amezaa watoto saba. Yeye hajui mimba?"

"Muulize mwenyewe."

Akaenda kumuuliza. Yule mama, ambaye hawezi hata kujigeuza, alifumba macho akajifanya amelala. Ramadhani akatoka. Akasema mimi na nesi tulikuwa tunaitaka Kilosa, na sindano tunazo, basi tumeitoa mimba yake. Nesi alipojitolea kunipima na kueleza, akaambiwa anaficha kosa lake mwenyewe. Nikapigwa marufuku kukanyaga zahanati. Hebu fikirini… ule ujuzi niliojivunia ndio uliogeuka ushahidi dhidi yangu!

Kijijini wakaacha kunisalimia. Kisimani mwanamke mmoja alikuwa akiniona anavuta watoto wake karibu, anasema, "Njooni huku, wengine wana sindano." Mashoga zake wanacheka. Nilitamani kurudi kwetu, lakini nani angemgeuza mama? Kila nikifunga nguo zangu namsikia anakohoa, nazifungua tena.

Nilimsihi mama sana. Nikamwambia, "Neno lako moja tu litanitoa hapa." Mwisho akalia, akaapa kwamba Ramadhani akirudi atamweleza yote. Ah, nilivyofurahi! Nikafagia uwanja wote, nikimngojea mume wangu kama siku ya arusi.

Lakini mama alikuwa ameanza kusahau mambo. Alikuwa anauliza kama amekula na bado ana uji mdomoni. Nesi alikuwa amewahi kunieleza kwamba akili ya mzee ikichoka, ya juzi hupotea kwanza, ya zamani hubaki. Sikutaka kuliamini hilo.

Ramadhani alirudi. Nikamkalisha kando ya kitanda. Nikasema, "Mama, mwambie."

Mama akatabasamu, akamshika mwanawe shavu. "Rama, mtoto amelala? Msimwamshe. Nileteeni akiamka nimwone mjukuu wangu."

Ramadhani aliangua kilio, akatoka. Mpaka leo hajalala chumba kimoja na mimi.

Na mama hajaacha kumuulizia mtoto huyo. Anamwimbia. Jirani wakisikia wanasema, hata bibi mwenyewe anamlilia! Yule pekee aliyejua ukweli, sasa anauamini uongo wake kwa moyo wote. Nitamwambia nani? Nani atanisikia? Nami bado namlisha, namgeuza asubuhi na mchana, maana kosa lake sio la mgongo wake.

Dada zangu mnaosoma, habari ya mwili wako iseme wewe, hata kama wazee wote wameketi hapo na uso wako unawaka kwa haya. Usiinamishe kichwa kama nilivyoinamisha. Nanyi wazee wetu, mkiogopa kuachwa, semeni mnaogopa. Tutawasikia. Msitufunge kwa uongo, nawaomba!

Juzi ilikuwa zamu yangu kulinda mahindi ya kijiji. Nilikuwa peke yangu juu ya dungu, na ngedere wakatoka msituni kundi zima. Nikasimama. Badala ya kupiga debe, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Sikuwa na mimba! Nilikuwa mwezini!" Ngedere wakatawanyika. Wengine wakarudi upande wa pili, nikawageukia, nikayasema tena.