Taa ya Kulia

Haya yalimkuta rafiki yangu Elina, pale Bariadi, miaka ile wafanyabiashara binafsi walipoanza kununua pamba. Mumewe, Masalu, alinunua gari la mtu aliyefia ajalini njia ya Lalago, kabla ndugu hawajaanua matanga. Elina alimwomba asubiri.

“Matanga ni ya mtu, mama Jilala, siyo ya gari,” Masalu alimjibu.

Masalu aling'oa injini na magurudumu, akachomelea mabomba mepesi, akapata kigari cha mbio cha viti viwili, kisicho na taa hata moja. Bodi tupu ikabaki ghalani na taa zake, nyaya zimekatwa.

Siku ya kukijaribu, Elina alimpelekea ugali.

“Njia panda napinda kushoto, nazunguka kanisa, narudi haujapoa,” Masalu alisema, akaondoka.

Elina akabaki ndani ya ghala lisilo na dirisha, akisikiliza mngurumo ukienda. Nyuma yake kitu kikaanza kugonga: tik, tak, tik, tak. Akageuka. Kwenye ile bodi, taa ya kulia, ile ya kuonyesha gari linapinda, ilikuwa ikiwaka na kuzima.

Mngurumo ulipungua njia panda, kisha ukashika kulia, njia ya Lalago.

Ugali ulikuwa bado wa moto mngurumo ulipokatika ghafla, na taa ikaacha kuwaka.