Aliyempanda Jivu

Jivu hakuwa na mtu mgongoni, lakini alipanda kilima akihema kama farasi aliyebebeshwa magunia. Bi Hatamu, kiongozi wa msafara, alimsikia kutoka mbele na moyo wake haukupenda.

Jivu alikuwa farasi wa akiba, amefungwa kamba nyuma ya farasi wa wifi yake Bi Hatamu, aliyekuwa wa mwisho. Katikati walipanda wageni: maharusi wasioachana mikono hata juu ya farasi, na karani mmoja mnene aliyekuwa akimwomba farasi wake radhi tangu walipoondoka.

"Wifi," sauti ya nyuma ilinong'ona. "Njoo. Taratibu, wageni wasishtuke."

Bi Hatamu akawapisha wageni, akasubiri.

"Tazama vikuku."

Vikuku, vile vyuma vya kukanyagia, vilikuwa vinaning'inia ubavuni mwa Jivu. Farasi alitikisika, vyenyewe havikutikisika. Vilitulia kama vimekanyagwa. Hapo ikamfikia harufu ya nywele zilizoungua, na Bi Hatamu akajilaani. Kazi hii ina mwiko wake: farasi asiye na mpandaji hukunjiwa vikuku juu ya tandiko, kwa maana tandiko tupu lenye vikuku vilivyoshushwa ni kiti kilichowekwa barazani, na yeyote apitaye hukaa. Leo alikuwa na haraka ya kurudi kwa mwanawe, akasahau. Haraka haraka haina baraka. Leo ilikuwa na abiria.

"Tufike nyumbani tumwite mtu wa dua," wifi alisema.

"Nyumbani kuna mtoto! Si unajua anavyotukimbilia getini, anataka apakiwe juu ya Jivu? Hiki kitu hakifiki kule. Nipe kamba, wewe tangulia na wageni."

"Wifi, peke yako?"

"Nenda, mama. Wachekeshe."

Jua lilikuwa linazama. Alipobaki peke yake Bi Hatamu alikohoa, akaona adabu haigombi.

"Mwenzetu," alisema bila kugeuka, "unashukia wapi?"

Jibu likaja karibu mno na shingo yake, sauti kavu isiyo ya mume wala ya mke.

"Unaposhukia wewe."

Aliogopa, jamani, aliogopa mpaka machozi yakamtoka, lakini alimwaza mwanawe akinyoosha mikono getini, akaruka chini, akamwendea Jivu huku akisoma kila dua aliyofundishwa na mama yake, akapapasa mkanda wa tumboni uliolowa jasho, akaufungua, akalisukuma lile tandiko, nalo likawa zito kama lina mtu, kisha ghafla likawa jepesi, likaanguka majanini.

Jivu akalia kwa furaha, akatimka mbio kuelekea zizini. Harufu ikapotea. Bi Hatamu alicheka peke yake kama mwendawazimu, akamshukuru Mungu kwa sauti, akapanda farasi wake na kumfuata.

Walikuwa wamekwisha kuuona mwanga wa nyumbani farasi wake alipoanza kuhema. Alimpigapiga shingoni. "Uzee huo, baba," alimtania. Lakini mgongo wake mwenyewe ulikuwa unapata joto, joto la kifua cha mtu, na nywele zilizoungua zilinuka tena. Hapo akakumbuka. Aliposhuka kumfungua Jivu, nyuma yake alimwacha farasi mwingine mwenye tandiko tupu, vikuku vikining'inia.

Geti likafunguliwa. Mtoto akatoka mbio bila viatu, akanyoosha mikono, kisha akasimama. Macho yake yalipita juu ya bega la mama yake.

"Mama, ni nani huyo? Anasema nije nikae naye."

"Rudi ndani!"

"Lakini ananiita."

"Wifi, mshike! Mshike mtoto!"

Bi Hatamu akavuta hatamu kwa nguvu zake zote, akamgeuza farasi mlangoni pa nyumba yake na kumpiga visigino kuelekea gizani. Nyuma yake mtoto alilia, "Mama, nipakie na mimi!" na mikono miwili iliyo baridi ikamkumbatia kiunoni, kama afanyavyo abiria anayeogopa kuanguka.