Jani Kati ya Malaki na Mathayo

Matanga ya Mzee Lupakisyo yalikuwa yaanuliwe Jumamosi kwa chai na maandazi. Yakaanuliwa kwa polisi.

Saa nne asubuhi, sebuleni kwa marehemu, Kilosa mjini, mzee wa kanisa Makarius alimaliza kusoma wosia. Ulikuwa mfupi: "Shamba langu la mpunga la Kilangali na nyumba hii viwe vya watoto wangu wote niliowaandika kwa mkono wangu ndani ya Biblia yangu, kila mmoja sawa na mwenzake." Akafungua jalada la mbele la Biblia iliyokuwa mezani, akasoma majina mawili ambayo kila mtu aliyatarajia. La kwanza Evance, dereva wa malori ya Tunduma. La pili Lea, binti aliyebaki nyumbani kumuuguza baba yake.

Hapo mwanamke mmoja aliyekaa mkekani karibu na mlango akasimama. Alikuwa mama lishe kutoka Mikumi, na tangu siku ya maziko watu walikuwa wakimtazama kwa pembe ya jicho, maana pua yake ilikuwa ileile ya marehemu.

"Naitwa Tumwagile," alisema. "Mimi baba hakuniandika mbele. Aliniambia kwa simu kwamba ameniandika katikati, kati ya Malaki na Mathayo, kwenye karatasi nyeupe."

Makarius akafungua katikati. Karatasi nyeupe haikuwepo. Kilichobaki ni kishina chembamba kilichonyooka, kazi ya wembe.

"Kaikata mwenyewe!" Evance aliruka. "Hakukuwa na jina lolote hapo! Kakata karatasi tupu ili atuambie jina lake liliibwa. Biblia imekaa hapo mezani wiki nzima, nani hakuishika?"

"Wewe ndiye unayetaka kuuza shamba," Tumwagile alijibu. "Mimi nikate jina langu mwenyewe, nina wazimu?"

Vikombe viwili vikavunjika, mtu mmoja akakabwa shati, na Makarius akapiga simu kituoni.

Inspekta Joha wa upelelezi alifika saa sita kasoro, na hakuwa na raha hata kidogo. Jana yake mumewe alimpigia kutoka Dumila, kwa mke mdogo, kumweleza kwamba mtoto wa kike aliyezaliwa huko amepewa jina la mama mkwe. Jina hilohilo Joha aliliomba kwa ajili ya binti yake mwenyewe miaka kumi na mmoja iliyopita, akaambiwa "tutaona". Tangu jana alikuwa halitamki. Alipoulizwa habari na jirani alisema tu, "Mtoto wa Dumila hajambo," kisha akaingia ndani akasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

Aliwatoa watu wote sebuleni, akavaa glovu, akaanza kazi.

Alianza na sanduku la bati chini ya kitanda cha marehemu. Halikuwa na kufuli. Ndani yake hati ya shamba ilikuwepo, hati ya nyumba ilikuwepo, risiti za kodi ya ardhi zimefungwa kwa uzi. Hakuna kilichoguswa. Joha alichuchumaa pale akatafakari. Mtu anayetaka shamba angeanza na hati. Huyu aliacha mali yote akachukua jani moja.

Kisha akaigeukia Biblia. Ilikuwa kubwa, nzito, na kingo zake zina rangi ya tope. Ilikuwa imezama ndani ya nyumba hii mwaka ule mto Mkondoa ulipofurika, ikaanikwa juani, na kurasa nyingi zikagandana. Joha aliifungua pale penye kishina. Mambo mawili aliyaona. La kwanza, tone la nta ya mshumaa, kubwa kama punje ya hindi, lilikuwa limeangukia ukurasa wa kwanza wa Mathayo na kutambaa hadi juu ya kishina, likafunika makali ya mkato. La pili, juu ya ukurasa huohuo wa Mathayo, katikati ya majina ya ukoo wa Yesu, palikuwa na mistari hafifu ya buluu iliyogeuka kinyumenyume.

Alitoa mkobani kioo chake cha kupakia wanja, akakisimamisha mbele ya mistari ile. Wino wa marehemu ulikuwa umelowa siku ya mafuriko ukajipiga chapa upande wa pili. Sehemu kubwa ililiwa na tope, lakini maneno machache yalisomeka: Tumwagile, binti yangu. Mikumi. 1986. Nimempa jina la mama yangu.

Joha alikitazama kile kioo muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji. Kisha akakifunga.

Alimwita Evance kwanza.

"Jina lilikuwepo," Joha alimwambia. "Nimeliona kwa macho yangu. Sasa niambie, wewe ulifika lini hapa?"

Evance aligwaya. "Jumatatu, afande. Mzee alifariki Jumapili usiku, mimi nilikuwa Tunduma kwenye foleni ya mpakani. Nina stakabadhi za mzani, angalia."

"Na shamba unataka kuuza?"

"Ndiyo, nataka, sikatai. Lakini mimi Biblia ile sijaifungua tangu kipaimara. Ningejuaje kuna jina katikati? Sisi wote tulijua ya mbele tu."

Joha aliziangalia stakabadhi. Zilikuwa safi. Lakini mtu aliyefika Jumatatu alikuwa na siku tano za kutembeza wembe, kwa hiyo hakumwachia.

Lea alikuja akiwa amejifunga kanga ya msiba, mikono yake imekauka kwa sabuni. Alijibu kila swali kwa sauti ndogo. Ndiyo, yeye ndiye aliyekuwa na mzee miaka miwili ya kitandani. Ndiyo, alimwogesha, alimnyoa ndevu, alimlisha. Ndiyo, jioni alimsomea Biblia kwa kuwa macho yake yalikwisha.

"Na Tumwagile ulimfahamu?"

"Yule wa Mikumi? Nilisikia yupo."

"Alikuja lini hapa?"

"Huyo mama lishe alikuja siku ya maziko, Jumanne. Alikaa mlangoni. Mimi sikumfukuza, afande, aulizwe mwenyewe."

Joha aliandika, kisha akainua kichwa. Kuna kitu kilimgusa katika maneno ya mwanamke huyu, kikamuuma, na hakutaka kukitafuta kilipotoka.

Saa tisa alasiri alikuwa Mikumi. Tumwagile alikuwa ameondoka kwa hasira na basi la mchana, akarudi bandani kwake kando ya barabara kuu, ambapo madereva wa malori walikula wali maharage. Alimkaribisha Joha benchi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Jina lako limeonekana. Lilikuwepo kweli."

Tumwagile alishika meza. Machozi yalimtoka bila sauti, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye unga. "Basi yatosha," alisema. "Shamba wachukue."

"Uliigusa Biblia?"

"Hapana. Nilikaa mlangoni siku zote tano. Nilikuwa nasubiri mtu aniambie pita ndani." Alivuta pumzi. "Baba alikuwa kwenye genge la reli, wale mafundi wa njia, ile ya kwenda Kidatu. Ndipo alipokutana na mama. Alikuwa anakuja, anakula, anaondoka na treni. Nimefika miaka thelathini na tisa sijawahi kumwona baba yangu akilala. Kila mtoto anamjua baba yake akikoroma. Mimi simjui."

"Unamwonea nani wivu zaidi?" Joha aliuliza, na swali lenyewe lilimshangaza.

"Lea," alijibu papo hapo. "Evance hata simfikirii."

Njiani kurudi, gari likiwa limepunguza mwendo kupisha nyani, Joha aliona alichokuwa anakikwepa. Tumwagile alimtaja Lea kwa jina. Lea hakumtaja Tumwagile hata mara moja. Yule wa Mikumi. Huyo mama lishe. Na Joha alijua vizuri mno ni mtu wa namna gani anayeshindwa kutamka jina.

Lakini kidonda chake yeye si ushahidi mbele ya hakimu. Alihitaji nta.

Alimkuta Makarius nyumbani kwake, anamwagilia mchicha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Kwenye Mathayo kuna nta. Unajua ilifikaje?"

Mzee aliona haya. "Ni mimi. Jumapili jioni nilikwenda kumwombea, hali ilikuwa mbaya, na umeme ukakatika. Niliiweka Biblia mapajani, ikafunguka yenyewe pale mwanzo wa Mathayo, nami nikasoma mshumaa ukiwa mkononi. Ulinidondoka. Saa tatu usiku akakata roho."

"Na baadaye haikuwashwa mishumaa tena? Usiku wa matanga?"

"Hapana. Umeme ulirudi usiku uleule, na Evance alipokuja alileta taa ya sola. Hatukugusa mshumaa."

"Ahsante, mzee. Kesho nitakuhitaji."

Jumapili baada ya ibada, saa nane mchana, aliwakusanya sebuleni: Makarius, Evance, Lea na Tumwagile, ambaye safari hii Joha alimwita akae kwenye kiti. Biblia ilikuwa mezani, imefunguliwa.

"Tazameni," Joha alisema. "Nta imekaa juu ya kishina. Imefunika makali ya mkato. Kama jani lingekatwa baada ya nta kudondoka, wembe ungeipasua. Haikupasuliwa. Kwa hiyo jani lilikatwa kabla. Na nta ilidondoka Jumapili iliyopita jioni, marehemu akiwa hai. Ndiyo maana Biblia ilifunguka yenyewe pale, maana kitabu kilichokatwa hufungukia kwenye mkato."

"Jumapili mimi nilikuwa Tunduma," Evance alisema taratibu.

"Na Tumwagile alikuwa hajakanyaga nyumba hii. Nani alikuwepo, mwenye wembe wa kunyolea ndevu, anayefungua Biblia kila jioni?"

Evance aligeuza kichwa akamtazama dada yake.

"Lea?" alisema. "Lakini wewe hata shamba hulitaki. Ulisema mimi nikiuza nikuachie nyumba tu."

"Hakuiba kwa ajili ya shamba," Joha alisema. "Lea, bibi yenu mzaa baba aliitwa nani?"

Lea alikunja kanga vidoleni. Kisha yakamtoka yote kwa mpigo.

"Mimi ndiye mtoto wa kwanza wa kike! Jina lile lilikuwa langu! Utoto wangu wote nilimuuliza baba, mbona mimi sikupewa jina la bibi, ananiambia mama yenu alipenda la Biblia. Kumbe keshalipeleka Mikumi! Nimemwogesha miaka miwili. Nimekosa ndoa kwa ajili yake. Siku moja namsomea, nafika mwisho wa Malaki, kurasa zimegandana na tope, nazibandua kwa wembe, nakuta jina la bibi yangu limeandikwa kwa kalamu yake nzuri, na yeye yuko pale kitandani ananiuliza, mbona umenyamaza mwanangu, endelea." Alipangusa pua kwa kanga. "Nikaendelea. Nikamsomea Mathayo. Alipolala nikakata."

"Liko wapi?"

"Sikulichoma. Ni mwandiko wake, ningeuchomaje?"

Aliingia chumbani akarudi na mto wa marehemu, akaingiza mkono kwenye foronya, akatoa jani. Joha alimpa Makarius asome.

"Tumwagile, binti yangu, amezaliwa Mikumi mwaka 1986," mzee alisoma. "Nimempa jina la mama yangu, kwa kuwa nyumba yangu siwezi kumpa."

Lea alishtuka kana kwamba maneno ya mwisho yalikuwa yameongezwa jana. Alikuwa ameyasoma mara nyingi, lakini maana yake hakuwahi kuifikia.

"Wosia utafuatwa, sehemu tatu," Joha alisema. "Na Lea, kuharibu ushahidi wa wosia ni kosa. Kesho saa mbili uripoti kituoni."

Tumwagile alikuwa hamsikilizi. Alikuwa anautazama mto.

"Dada," alimwambia Lea, "jani hilo kaa nalo, na jina ningekupa kama lingevulika. Mimi naomba tu nioneshwe alipokuwa analala."

Lea aliubana mto kifuani. Kisha akaenda akafungua mlango wa chumba cha baba yake, akausukuma wote mpaka ukutani, akaurudisha mto kitandani na kuunyoosha kwa kiganja.

"Pita," alisema. "Kaa hata mpaka jioni. Ila, Tumwagile, huo mto usiuguse."