Sakafu ya Msonobari wa Mfalme

Nyumba ya Eliphalet na mkewe Kezia ilikuwa na kuta imara na paa zuri. Sakafu ilikuwa udongo mtupu. Wakati wa baridi, huku New Hampshire, koloni la Waingereza Amerika, udongo hutoa unyevu kama nguo isiyokamuliwa. Mwaka 1770 binti yao mdogo, Jerusha, alikohoa tangu theluji ya kwanza mpaka ya mwisho. Nusura afe.

"Baba Jerusha, mwaka huu nataka mbao," Kezia alisema akikoroga uji wa mahindi. "Kabla ya theluji."

"Mbao zipo. Zimesimama pale nje."

Nyuma ya nyumba palikuwa na msonobari. Ukitazama kilele chake, kofia inaanguka. Lakini shina lake lilikuwa limechanjwa mara tatu kwa shoka, mfano wa mshale. Hiyo ni alama ya mfalme wa Uingereza.

"Nitaukata kwa siri," Eliphalet alinong'ona. "Nitapasua mbao za upana mdogo. Mkaguzi wa misitu ya mfalme hatajua zimetoka kwenye mti mnene."

"Uibe mti wa shamba lako mwenyewe? Una wazimu?"

Wakaenda kwa jirani yao, Bibi Hepziba, mjane mwenye msumeno unaoendeshwa na maji ya mto. Walipomweleza, alicheka mpaka akakaa chini.

"Nusu ya kijiji hiki inakanyaga mbao za siri! Na kila mmoja anadhani mwizi ni yeye peke yake."

"Kwani sheria inasemaje, Bibi?" Kezia aliuliza.

"Kila msonobari mnene ni wa mfalme, kwa milingoti ya meli zake za vita. Iliamuliwa na Bunge la London. Ndilo lililotutoza ushuru wa sukari, karatasi na chai. Sisi wa makoloni ya Amerika tuna mjumbe humo?"

"Hatuna hata mmoja," Eliphalet alijibu.

"Basi msijifiche. Anayejificha amekubali kosa. Semeni kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya wote."

Walisema. Wanakijiji wakabishana, kisha wakakubaliana: mkaguzi hatasaidiwa na mtu, hata kwa kipande cha kamba.

Mti ulipoanguka, ardhi ilitetemeka na vyombo vikalia jikoni. Wanaume walivua kofia. Juu yao palifunguka anga ambalo hakuna aliyewahi kuliona.

Mkaguzi alizikuta mbao zimepangwa uani.

"Mali ya mfalme! Nazichukua. Leteni maksai wazivute."

"Maksai wangu wanachechemea, bwana mkubwa," mmoja alisema.

"Wangu wana mafua."

"Wangu wako msibani," alisema Bibi Hepziba. "Waliupenda sana ule mti."

Mkaguzi akajaribu kuinua ubao mmoja mwenyewe. Haukutikisika. Hakuna aliyecheka. Kijiji kizima kilisimama kikimtazama tu, na Kezia akang'amua jambo. Kumbe! Mfalme ana meli, ana majeshi, lakini bila mikono yao hawezi kuhamisha ubao mmoja.

Mkaguzi alipanda farasi wake. "Nitarudi na askari!"

"Karibuni," Kezia alijibu. "Buti wavue mlangoni."

Theluji ilipoanguka, askari hawakuwa wamefika, na sakafu ilikuwa tayari. Mbao hazikupunguzwa upana. Jerusha alijilaza sakafuni ubavuni mwa mama yake, akipumua vizuri, na wote wawili wakaenea kwenye ubao mmoja.