Jina Nililompa Emile

Jua lilikuwa linazama nilipofunga duka la vitenge na kwenda kumngoja Ndayisaba kwenye kijiwe cha bodaboda. Ilikuwa jioni kama zote za Kasulu. Moshi wa mahindi ya kuchoma, redio za vibandani zikigombana, vumbi la magari yaliyoingia kutoka Kibondo. Tofauti ilikuwa moja tu: begani nilibeba kiroba, na ndani ya kiroba mlikuwa na jembe jipya lisilo na mpini.

Watu hapa wananijua kama Mwanahawa wa vitenge. Wachache wanajua kwamba ninatunga hadithi za mapenzi. Ndiyo, mimi. Mwanamke niliyeachika, mwenye ulimi mkali, ninayenuna mteja akiuliza bei mara mbili, ndiye ninayewaliza wasikilizaji wa kundi letu la WhatsApp kwa maneno ya "mpenzi, pumzi yangu". Cheka tu. Hata mimi hucheka.

Sikuifanya kazi hiyo peke yangu. Nilikuwa na Apoline, Mkongomani wa kambi ya Nyarugusu, rafiki niliyempata kwenye kundi la watunzi. Yeye ni fundi wa sauti. Mimi naandika. Mdogo wangu Mwanaamina, ninayeishi naye, anasoma maneno ya msichana, nami namrekodi tukiwa tumejifunika blanketi ili jogoo wa jirani wasisikike. Mtandao wa kambini hauvuti sauti ndefu, kwa hiyo memori kadi husafiri na Ndayisaba wa bodaboda, anayepeleka sabuni na dagaa kule. Apoline anaunganisha sauti, anaweka muziki, kadi inarudi.

Halafu kulikuwa na Emile.

Emile ndiye mwanamume wa hadithi yetu. Kabla yake nilikuwa nimekauka kabisa. Nilikuwa nakaa na simu mkononi, sentensi haitoki, nafuta, naandika, nafuta tena. Kisha siku moja kadi ilirudi kutoka kambini ikiwa na sauti ya mwanamume anayesoma maneno yangu. Sauti nzito, ya taratibu, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Nilisahau kwamba maneno ni yangu. Nililia, mtu mzima mimi. Tangu hapo nikawa naandika kwa ajili ya sauti ile, na maneno yakawa yanamiminika. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa rafiki anayejua kuchagua watu, wala sikumuuliza Apoline kamtoa wapi.

Tukafika mahali ambapo Emile anaposa. Mwanaamina akasoma jibu la msichana, vizuri mno, mpaka nikasisimka: "Nimekubali, Emile. Njoo."

Kadi ikaenda. Kadi ikarudi. Asubuhi yake jembe lilikuwa limelazwa kizingitini.

Mwanaamina alidhani kuna mtu kalisahau. Akaliokota, akaliingiza ndani, akaliweka nyuma ya mlango. Mchana huohuo sauti ikamtoka. Hakuwa na mafua, hakuwa na maumivu. Alifungua mdomo, na hakikutoka kitu. Daktari alimmulika kooni akasema koo ni zima. Jioni nilimkuta amekaa mlangoni, amejifunga kanga yake nzuri, amechana nywele, anatazama njia kama mtu anayengoja wageni. Nilimwita. Hakugeuka.

Mama mwenye nyumba wetu, Muha wa Nyakitonto, alipoliona lile jembe alirudi nyuma.

"Nani ameliingiza ndani?" alininong'oneza.

"Mwanaamina."

"Yoo, mwanangu! Zamani huku kwetu ndivyo walivyokuwa wanaposa. Jembe likipokelewa ndani, binti ameshakuwa wa watu." Akaninyooshea kidole. "Mtafute mwenyewe umrudishie. Upesi."

Sisi ni watu wa kuja, babu yetu alitokea pwani na biashara zake. Mambo ya majembe tungeyajulia wapi?

Basi ndiyo sababu nilikuwa pale kijiweni na kiroba. Nilitaka Apoline anielekeze kwa Emile, nimpe jembe lake na maneno yake ya nguoni juu. Nikampigia simu.

"Yaya Mwanahawa, unacheza?" Apoline akacheka; yaya kwao ni dada mkubwa. "Emile si ni mutu wako? Mi nilizani munamurekodi huko Kasulu."

"Mimi? Wewe ndiye uliyemleta!"

"Non, yaya. Kadi inafikaka hapa na sauti zote mbili. Ya mudogo wako, na ya ule papa. Mi naunganisha tu."

Niliziba sikio la pili, nimsikie vizuri.

"Apoline... kadi ikitoka kwangu ina sauti ya Mwanaamina peke yake."

Nilisikia watoto wakicheza kule kwake, mbali.

"Yaya," alisema polepole, "kumbe nani anamuweka?"

Ndayisaba akafika wakati huo, amejaa vumbi, anatabasamu. Akanipa kadi iliyofungwa kwenye kipande cha kitambaa kama kawaida. Nilimshika mkono kabla hajauvuta.

"Kadi hii huwa unampa mtu njiani?"

"Ego, dada, nampa. Si yule kijana wenu? Ananisimamishaga pale kwenye kalavati, ukimaliza mashamba ya mihogo. Anasema nimsubiri kidogo, asome. Nikajua ni wa kwenu, maana jina lako analijua. La Mwanaamina pia."

"Anasoma kwa simu gani?"

Ndayisaba akakuna kichwa. "Simu sijaiona. Anaifumba tu kadi mkononi."

"Yukoje usoni?"

"Uso sijauona, dada. Anakaaga amenipa mgongo." Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. "Leo ameniambia utakuja."

Ningeweza kurudi nyumbani. Lakini nyumbani alikuwapo Mwanaamina, amejipamba mlangoni, anamngoja. Nilipanda pikipiki.

Tulitoka mjini kwa njia ya Makere. Mwanga ulikuwa bado upo, ule mwekundu wa mwisho. Mashamba ya mihogo yakaisha. Ndayisaba akasimama mbali kidogo na kalavati, akazima injini.

"Mimi sisogei tena, dada."

Nilitembea peke yangu. Vyura walikuwa wanalia bondeni. Kisha nikaipata harufu... harufu ya nyumba iliyofungwa muda mrefu, nguo za zamani, udongo wenye majimaji.

Alikuwa amekaa juu ya ukingo wa kalavati. Shati jeupe. Mgongo kwangu.

Nikasimama mbali naye, mahali ambapo ningeweza kukimbia. Na hapo akasema. Lakini sauti haikutokea kwake. Ilitokea ndani ya sikio langu la kushoto, karibu, kama vile nimevaa spika za masikioni.

"Nimekungoja kama shamba linavyongoja mvua."

Hayo yalikuwa maneno yangu. Niliyaandika mwezi wa Ramadhani, nikiwa na njaa.

"Nimeleta jembe lako," nilinong'ona. "Mrudishie mdogo wangu sauti yake."

"Nilichokupa hakirudi mkononi mwangu."

Yangu pia.

"Hakujua. Alikuwa anasoma tu. Maneno yalikuwa ya kwangu!"

"Hata kaburi likinifungia mlango, mpenzi, nitapiga hodi."

Sentensi hiyo wasikilizaji waliiweka kwenye status zao. Nilipoiandika niliinuka nikazunguka chumba kwa furaha, nikijisifu. Sasa ilikuwa inapumua sikioni mwangu, na pumzi yake ilikuwa baridi.

Ndipo nikaelewa, au nadhani nilielewa. Kitu kile hakikuwa na maneno yake. Kabla yangu kilikuwa kimekaa barabarani pale, sijui kwa miaka mingapi, bila mdomo. Mimi ndiye niliyekipa mdomo. Nikakiandikia kipende, kisichoke, kisikubali kuachwa, kwa sababu wasikilizaji wa mapenzi ndivyo wanavyotaka. Kilikuwa kinatii tu. Na kama ni hivyo, mtu wa kukiondoa kwa Mwanaamina alikuwa mmoja tu.

Nikatunga palepale, kwa sauti, nimesimama na kiroba begani.

"Emile... Emile akamwacha yule msichana wa Kasulu. Moyo wake ukageukia kwa mwingine."

Vyura wakanyamaza.

Wote. Mara moja.

"Nani?"

Neno hilo sikumbuki kuliandika.

Nilijua lazima nimpe jina. Na nitasema ukweli: la kwanza kunijia ulimini lilikuwa langu. Si kwa ushujaa wa kumwokoa mdogo wangu. Nilitaka. Aliyekuwa mume wangu alikaa nami miaka akiniita "wewe", na hakuna mwanamume aliyewahi kusema nami kama sauti ile ilivyosema. Midomo yangu ilishaanza kuliumba. Kisha upepo ukaileta ile harufu, ya nguo na udongo, nikashtuka kama niliyemwagiwa maji.

Jina la mtu yeyote ninayemjua nisingeweza kulitaja. Nikatafuta jina lisilo na mwenyewe. Likatoka jina zito, baya, ambalo nisingempa hata mbuzi.

"Radegunda."

"Radegunda," akarudia. Taratibu. Kama anaonja mchuzi. "Yuko wapi?"

"Mbali. Huko Kibondo." Nilitaka aende mbali na kwetu, basi.

"Nikikataliwa, najua njia ya kurudi."

Yangu tena. Ya sehemu ya mwanzo kabisa.

Nikatua kiroba chini, nikarudi kinyumenyume mpaka mgongo wangu ukamgusa Ndayisaba. Nilipotazama tena, ukingoni hapakuwa na mtu. Kiroba kilikuwa palepale, kimelala bapa, hakina kitu ndani.

Nyumbani nilipokelewa na makelele.

"Dada, ulikuwa wapi? Ugali umepoa, simu hupokei, mtu unajiendea tu!"

Mwanaamina. Sauti yake yote, na hasira zake zote. Alikuwa ameivua ile kanga nzuri, hakumbuki kwa nini aliivaa. Nilimkumbatia nikalia mpaka akaogopa.

Baada ya hapo niliandika mwisho wa hadithi. Niliogopa kuuacha wazi. Nikasoma mwenyewe jinsi Emile alivyompenda Radegunda wa Kibondo, nikairusha kundini bila kadi na bila Ndayisaba. Wasikilizaji walinitukana. Walisema nimeishiwa. Sikujali, nilikuwa nasikiliza Mwanaamina akigombana na muuza mkaa nje, na moyo wangu ulikuwa umetulia.

Apoline ndiye aliyenipigia.

"Yaya, umemaliza vibaya, mais sawa. Ile jina tu ndiyo ilinifurahisha. Ulipata wapi jina ya mutakatifu?"

"Mtakatifu gani?"

"Radegonde, yaya. Sainte Radegonde. Bakatoliki banaita batoto vile."

Nilikaa chini. Sisi Waislamu wa mjini, majina ya watakatifu wao tunayajua yale ya jirani tu. Nilidhani nimebuni. Nikajiambia wenye jina hilo ni wachache, pengine vikongwe, pengine hakuna hata mmoja upande ule.

Leo asubuhi imeingia sauti kwenye simu yangu kutoka namba nisiyoijua. Ya msichana. Anachekacheka, ana aibu.

"Shikamoo dada Mwanahawa. Samahani kukusumbua. Naitwa Radegunda, niko huku Kibondo, nashona nguo. Dada, yule kaka Emile wa kwenye hadithi yako amenitafuta! Kila jioni anakuja hapa nje, tunaongea kwa dirishani. Jamani, ana maneno matamu! Ila ana aibu, hageuki. Ameniomba nimkubali. Nikamwambia subiri, nimuulize kwanza dada anayekujua. Dada... ni mtu mwema?"

Nje uani Mwanaamina alikuwa anatwanga kisamvu, anaimba. Niliwasikia wote wawili kwa pamoja, huyu anaimba na yule anauliza.

Nikaandika: Mkatae. Usimjibu. Funga dirisha.

Kidole kikakaa juu ya kitufe. Nikakumbuka alivyosema: akikataliwa, anajua njia ya kurudi. Nikamtazama mdogo wangu, jasho linamtoka, mtwangio unapanda na kushuka.

Niliutuma. Naapa niliutuma.

Tiki moja. Nikangoja. Adhuhuri, tiki moja. Nikapiga, simu haipatikani. Nikapiga tena. Alasiri ikapita, jua likaanza kushuka, hapa na huko Kibondo, na ujumbe wangu ulikuwa bado haujafika.

Mwanaamina akapita na sufuria ya kisamvu akaniuliza mbona nimepauka. Nikamwambia sina kitu. Nikaitazama ile tiki moja, na Mungu anisamehe, nikashusha pumzi.