Nani Anamkosa Mwenzake

Kwenye kibanda cha kuchajia simu, sokoni Kasongo, watu walisongamana hadi meza ikatikisika. Mwanvua, mkunga, alichomoa simu yake, akakaza kitenge chake cha kijani, akaanza kwenda.

"Mama, hiyo iko yangu," mwanaume akasema nyuma yake.

"Yako nayo imepasuka kioo?"

"Imepasuka. Uangalie picha."

Kwenye kioo ilikuwa picha ya darasa zima. Mwanvua akacheka, mara ya kwanza wiki ile. Huyo alikuwa Alimasi, mwalimu wa Kifaransa kutoka Kabambare, shati limenyooka kwa pasi, viatu matope matupu.

Walipeana namba, Alimasi akarudi kwao kwa pikipiki, mapenzi yakaota kwenye simu.

"Sheri, mpenzi wangu, umekula?"

"Nimekula uchovu, mwalimu."

Jioni moja, baada ya kuzalisha wamama watano, Mwanvua alitaka kumfurahisha Alimasi kwa lugha anayoifundisha. Akaandika: *Je te manque*. Moyoni alisema, nakukosa.

Jibu likaja: "Nani alikuambia?"

Hakuandika tena. Alimasi alipopiga, hakupokea. Akapokea watoto wa wenzake, akarudi nyumbani, akalala bila kuvua viatu. Majuma saba yakapita hivyo.

Adhuhuri moja, anatoka zamu ya siku mbili, akamkuta Alimasi mlangoni mwa maternite, wodi ya wazazi, vumbi hadi kwenye kope.

"Ulinitukana," Mwanvua akasema.

"Nilidhani weye ndiye unanitukana. Kwa Kifaransa uliandika kwamba mimi ndiye ninayekukosa. Nikasema, huyu anajivuna."

"Mwalimu muzima, hukuuliza?"

"Sikuuliza. Wiki iliyopita nilifundisha kitenzi hicho, nusu ya darasa ikaandika kama weye. Nikasimama pale na chaki, aibu imenishika."

Mwanvua akakaa kwenye benchi. Miguu ilimuuma. Alimasi naye akakaa.

"Nikafungua kamusi. Wafaransa walilitoa neno hilo kwa Waitalia, na mzizi wake ni Kilatini: mutu mwenye kilema cha mkono. Wahispania hadi leo wanamwita hivyo aliyekatika mkono. Kwa Wareno, ni kuchechemea."

"Mimi nachechemea tangu jana, na Kireno sikijui."

"Ndiyo nasema, mutu akikosa mwenzake..."

"Alimasi, usinifundishe. Useme kwa Kiswahili."

Alimasi akaangalia mikono yake.

"Nimekukosa, Mwanvua. Tena nimekukosea."

Mwanvua akageuza uso ukutani.

"Nimekuja na baba mdogo," Alimasi akasema polepole. "Ukikubali, kesho ataenda kwa baba yako kuposa. Ukikataa, tunapanda pikipiki."

"Siku mbili njiani, na mgongo wake ule ulioniambia unamuuma?"

"Alisema atavumilia."

"Basi aende kesho. Asubuhi, kabla baba hajaenda shambani." Akaegemeza kichwa begani kwake, kwenye vumbi lile. "Leo usiniulize kitu. Uniache nilale kidogo."

Alimasi alipofungua kinywa kujibu, Mwanvua alikuwa amekwisha kulala.